Kanga wangapi kwa siku? Kipimo cha kuwinda na kaye ya mwindaji



Kila mwaka, mvua zikianza kupunguka na majani ya pori kuanza kukauka, neno moja linarudi katika mikutano, kuanzia Samba na Kipaka mpaka Wamaza na Kabambare: kanga wamepungua. Wazee wanasema zamani ulikuwa unakutana nao kundi zima njiani asubuhi, leo unatembea mpaka jua linakuwa kali na husikii hata sauti. Kisha mtu anasimama na kutoa shauri: tuweke sheria, kila mwindaji asipite kanga wawili kwa siku. Watu wanapiga mikono, sekretere anaandika, mkutano unaisha. Mwaka unaofuata kanga wamepungua tena, na wale wale waliopiga mikono wanasema sheria haina faida.

Sheria ya namna hiyo si mbaya. Lakini ikiwa peke yake inaokoa ndege wachache sana kuliko watu wanavyofikiri, na sababu yake inaonekana mtu akikaa chini na kuhesabu. Tutahesabu pamoja.

Kwanza, kwa nini gazeti la wakulima linazungumza habari za kuwinda? Sababu wengi wetu tunafanya kazi zote mbili. Mtu analima karanga na mpunga, na wakati wa kiangazi anaingia porini. Nyama ile inaliwa na bugali nyumbani, au inauzwa barabarani ili kupata chumvi, sabuni na pesa ya shule ya watoto. Kanga mwenyewe ana pande mbili kwa mkulima. Anafukua mbegu za karanga na mahindi zilizopandwa jana, hilo hakuna anayelikataa. Lakini pia anakula panzi, mchwa na wadudu wengine wengi, hasa wakati wa mvua anapolea vifaranga. Wako wanaosema: wamalizeni tu, mbegu zetu zipone. Sisi hatukubali shauri hilo. Uharibifu wa mbegu ni wa siku chache, toka kupanda mpaka miche kushika vizuri. Siku hizo shamba lichungwe asubuhi na jioni, watoto na mbwa wanatosha. Kanga akiisha, mbegu zitafukuliwa na wengine, na panzi hatakuwa na wa kumpunguza.

Kipimo kinagusa nani?

Kipimo cha kuwinda ni hesabu ya mwisho: nyama au ndege wangapi mtu mmoja anaruhusiwa kutoka nao porini, kwa siku au kwa msimu mzima. Akifika pale, anarudi nyumbani hata kama bado ana risasi.

Tuchukue mfano. Si hesabu ya kijiji fulani, ni mfano wa kufundishia. Wawindaji 20 wanatoka siku moja kutafuta kanga. Watu 13 wanarudi mikono mitupu. Watu 4 wanapata kanga mmoja mmoja. Wawili wanapata wawili wawili. Mmoja, yule anayejua pori kuliko wote, anapata watano. Jumla ni kanga 13.

Sasa tuweke sheria ya kanga wawili, na wote waitii. Wale 13 waliokosa, sheria haiwagusi. Wale 4 wa kanga mmoja, haiwagusi. Wale wa wawili, haiwagusi. Inamgusa mtu mmoja tu, anarudi na wawili badala ya watano. Jumla inashuka toka 13 mpaka 10. Tumeokoa kanga watatu, na tumefanya mkutano wa nusu siku.

Hapo ndipo tunakutana na jambo la pili, ambalo watu wetu wanaliita bahati: kati ya safari zote za kuwinda, ni ngapi zinaleta kitu? Katika mfano wetu ni safari 7 kati ya 20, yaani kama 35 kwa 100. Kama safari nyingi zinarudi bure, kipimo cha siku hakipunguzi sana, sababu wengi hawakifikii. Kama wengi wanapata ndege wengi kila siku, kipimo kile kile kinaokoa wengi. Kwa hiyo huwezi kujua kama kipimo kinafaa bila kujua bahati ya wawindaji wako. Mkutano unaoweka kipimo bila hesabu hiyo unapima nguo bila kumwona mwenye kuivaa.

Kipimo kina kazi nyingine ambayo haionekani katika hesabu. Kinamzuia mchuuzi kuajiri vijana na kuwatuma porini mpaka gunia lijae. Pale penye wanunuzi wengi, kama njia zinazokwenda kwenye machimbo ya dhahabu upande wa Salamabila na Namoya, hilo ni jambo kubwa. Mtu anayetafuta nyama ya nyumbani hahitaji kanga watano kwa siku. Anayehitaji ni mwenye gunia.

Mfano wa mbali: bata mzinga wa Marekani

Iko nchi moja iliyofanya hesabu hizi kwa miaka mingi, nayo ni Marekani, kwa ndege wao wa pori, bata mzinga. Wengi hapa tunamjua kwa jina la dindo, yule wa kufugwa. Kwao anaishi porini pia. Na kuna undugu wa majina kati yake na kanga wetu: jina la kisayansi la bata mzinga, Meleagris, ni jina ambalo Wagiriki wa zamani walilitumia kwa kanga. Wazungu walipomwona ndege mpya wa Amerika walimchanganya na kanga wa Afrika, na jina likabaki hivyo.

Mwanzoni mwa karne ya 20 bata mzinga wa pori walikuwa karibu kuisha. Waliwindwa bila mpaka wakati wote wa mwaka, nyama ikauzwa mijini, misitu ikakatwa. Katika jimbo la Missouri walifunga uwindaji kabisa kwa miaka mingi, wakakamata ndege walipokuwa bado wapo na kuwapeleka mahali walipokuwa wamekwisha. Walifungua tena mwaka 1960, kwa siku 3 tu, katika wilaya 14. Waliotoka ni wawindaji 698. Ndege waliopatikana ni 94. Yaani hata kama kila mmoja alipata ndege mmoja tu, katika kila watu 100, 86 hivi walirudi bure, katika nchi yenye bunduki nzuri na barabara nzuri! Mwindaji wa Kasongo anayerudi bure asijione mjinga.

Walioangalia hesabu hiyo waliona kwamba kinacholinda ndege si kipimo peke yake. Ni siku chache za msimu, ni kufungua wakati majike wengi wamekwisha kupandwa, na ni kuruhusu madume tu wakati huo. Kwa miaka mingi hata saa ilikuwa na mpaka: kuwinda kuliisha saa saba mchana. Ndege wakaongezeka mpaka, mwanzoni mwa miaka ya 2000, wawindaji wa Missouri walipata zaidi ya elfu 50 kwa msimu mmoja. Kisha hesabu ikaanza kushuka tena, ingawa vipimo vilikuwepo, kwa sababu vifaranga wachache walikuwa wanakua mpaka kuwa wakubwa. Kipimo hakiwezi kuongeza mayai.

Tukitaka kunakili sheria yao, tuangalie vizuri. Dume wa bata mzinga anapanda majike wengi, kisha anaondoka. Hatamii wala halei. Ukimwua baada ya kazi hiyo, vifaranga hawapotezi kitu. Kanga wetu si hivyo. Mvua zikianza, kundi linagawanyika, dume na jike wanakaa wawili wawili. Dume anamlinda jike akila na akitaga, na vifaranga wakitoka anasaidia kuwachunga. Ukiua dume wa kanga wakati wa mvua umepunguza nguvu ya nyumba nzima. Tena, nani kati yetu anaweza kutofautisha dume na jike wa kanga kwa mbali? Kwa macho ni vigumu sana. Kwa sikio inawezekana: jike ana mlio wa sehemu mbili unaorudiwa rudiwa, ambao dume hana. Mama wanaofuga kanga nyumbani wanalijua hilo vizuri kuliko wawindaji. Lakini kundi likiruka kwa woga, hakuna anayesubiri kusikiliza mlio. Sheria ya «madume tu» hapa kwetu itakuwa maneno ya karatasi.

Wakati wa mayai

Kwa kanga, kitu kinachofaa kuliko kipimo cha siku ni kufunga wakati wa mayai.

Kanga anataga chini, katika shimo dogo lililofichwa na majani, hasa wakati wa mvua. Kwa kawaida mayai ni 6 mpaka 12. Ukikuta mengi zaidi, huenda majike wawili wametaga mahali pamoja. Jike anaatamia siku 26 mpaka 28. Vifaranga wanatoka wakiwa wanakimbia, lakini wiki za kwanza hawawezi kupanda mtini kulala, wanalala chini pamoja na mkubwa. Umande mwingi, nyoka, mwewe, paka wa pori na mbwa wa kijiji wanawamaliza. Wengi wanakufa hata bila sisi kuwagusa.

Kwa hiyo jike mmoja anayeuawa akiwa ameatamia si ndege mmoja. Ni ndege pamoja na mayai yake yote, sababu hakuna mwingine wa kuyaatamia. Jike huyo huyo akiuawa mwezi wa saba, katikati ya kiangazi, watoto wake wamekwisha kuwa wakubwa na wanatembea na kundi. Hasara ni ndege mmoja. Ni kanga yule yule, risasi ile ile, lakini hasara si sawa hata kidogo.

Ndiyo maana nchi nyingi zinafungua uwindaji wakati wa kiangazi. Jirani zetu wa Tanzania, ng'ambo ya ziwa, kwa kawaida wanafungua msimu tarehe 1 Julai. Kwetu kusini ya Maniema kiangazi chenyewe ni toka mwezi wa sita mpaka wa nane. Koperative inayotaka kuanza na sheria moja tu, ianze na hii: toka mvua za mwezi wa tisa, kanga na mayai yake asiguswe na mtu. Ni sheria rahisi kuikumbuka na rahisi kuiangalia, maana kanga aliyetundikwa barabarani mwezi wa kumi na mbili anaonekana na kila mtu. Kanga wa tatu ndani ya mfuko wa mwindaji haonekani.

Kuna jambo la usiku pia. Kanga wanalala mtini, kundi zima mti mmoja au miwili iliyo karibu, na wanarudia miti ile ile. Mtu mwenye tochi kali akiujua mti huo anaweza kumaliza kundi kwa usiku mmoja au miwili. Hapo bahati si 35 kwa 100 tena, ni karibu kila safari. Katika hesabu yetu ya kwanza, yule mtu mmoja wa kanga watano mara nyingi ni huyu wa tochi. Kukataza tochi kunaokoa ndege wengi kuliko kuhesabu ndege katika mifuko ya watu 20, na sheria ya nchi imekwisha kukataza, kama tutakavyoona.

Mitego inavyodanganya

Sasa tuje kwenye mitego ya waya, ambayo kwa wengi wetu ndiyo kazi hasa. Mtego hauchagui. Unashika kanga, kwale, simbiliki, nungu, mboloko, na mara nyingine mbwa wa jirani. Na mtego hauna kipimo cha siku. Mwenye mtego amelala nyumbani, mtego unafanya kazi.

Hapa ndipo watu wengi wanajidanganya, hata wazee wenye akili. Chukua mtu anayetega mitego 40 na kuiacha usiku 10. Anapata nyama 12. Miaka mitatu baadaye bado anapata, tena amepata 13. Ukimwuliza kama nyama zimepungua, atakujibu hapana, mimi napata kama zamani. Muulize sasa anatega mingapi. Atakuambia 100.

Hesabu inasema hivi. Mwaka wa kwanza, mitego 40 kwa usiku 10 ni kazi ya usiku 400 za mtego. Nyama 12 ndani ya 400, ni nyama moja kwa kila usiku 33. Mwaka wa tatu ni mitego 100 kwa usiku 10, yaani 1000. Nyama 13 ndani ya 1000, ni nyama moja kwa kila usiku 77. Bahati yake imeshuka kupita nusu, na yeye hajui, sababu anaangalia kapu lake peke yake. Amefunika upungufu kwa kuongeza waya. Siku atakapokosa nafasi ya kuongeza waya, kapu litashuka mara moja na atasema nyama zimehama. Hazikuhama!

Mwenye mitego 100 ana taabu nyingine: hawezi kuipitia yote kila siku. Nyama inaoza mtegoni, au inaliwa na wengine kabla hajafika. Hiyo imekufa na haikuingia katika kapu wala katika hesabu. Kwa hiyo kwa mitego, kipimo kizuri si cha nyama ngapi, ni cha mitego mingapi kwa mtu mmoja, pamoja na sharti la kuipitia kila siku mbili. Mtu anayeweza kupitia mitego 30, atege 30.

Tena nyama hazifanani. Simbiliki anazaa watoto kadhaa kwa mara moja, na anaweza kuzaa mara mbili kwa mwaka. Anapenda majani ya mashamba ya zamani na anaharibu mpunga. Huyo anaweza kuvumilia mwindo mwingi. Mboloko anazaa mtoto mmoja tu kila mara. Ukiwawekea kipimo kimoja, umemlinda simbiliki asiyehitaji ulinzi mwingi na umemwacha mboloko aishe.

Kaye moja, bike moja

Hesabu hizi hazihitaji mtaalamu kutoka Kindu. Zinahitaji kaye moja na bike moja, na mtu mmoja kwa kila kijiji anayeaminiwa na wawindaji. Tunasema anayeaminiwa, sababu kama wanafikiri kaye itapelekwa kwa polisi, wataandika uongo au hawataandika kabisa. Majina yasiandikwe. Kila mwindaji apewe namba.

Kila safari iandikwe mstari mmoja: tarehe, namba ya mwindaji, upande wa pori (kwa jina la mto au kilima ambalo watu wa pale wanalijua), chombo alichotumia, saa alizokaa au mitego aliyotega na usiku wangapi, na alichopata. Aliyekosa aandike sifuri. Jambo hili linasumbua kuliko yote, maana hakuna anayependa kuja kuandikisha sifuri. Anayekosa anapita nyuma ya nyumba. Lakini kaye isiyo na sifuri haina maana. Itaonyesha kwamba wote wanapata kila siku, wakati ukweli ni kinyume. Kama kuna kitu kidogo cha kuwashukuru wanaokuja, kwa mfano chumvi kidogo, kitolewe kwa sifuri sawasawa na kwa kanga.

Mwisho wa kiangazi, sekretere ajumlishe: safari zote, safari zilizoleta kitu, kanga wote. Mwaka wa kwanza hesabu hiyo haitasema mengi. Ni ya kulinganisha. Kama mwaka wa kwanza ilichukua safari 3 kupata kanga mmoja, na mwaka wa pili safari 5, kuna jambo. Inaweza kuwa mvua mbaya wakati wa vifaranga, inaweza kuwa moto ulichoma pori mapema, inaweza kuwa tochi. Angalieni chombo kwa chombo na upande kwa upande kabla ya kulaumu mtu. Upande mmoja ukishuka peke yake, upumzisheni mwaka mmoja na muendelee na mwingine. Hivyo ndivyo tunavyofanya na shamba lililochoka, na hakuna anayeona ajabu.

Sheria ya nchi inasema nini

Kuwinda katika Kongo kunaongozwa na sheria namba 82-002 ya tarehe 28 Mei 1982. Iko pia sheria namba 14/003 ya tarehe 11 Februari 2014 juu ya kulinda viumbe na mazingira. Hatuwezi kuziandika zote hapa, lakini mwanakoperative ajue haya. Kuwinda kunahitaji permi. Kuwinda usiku kwa taa kumekatazwa. Kuwinda kwa moto, kwa sumu na kwa silaha za vita kumekatazwa. Kuna nyama zinazolindwa kabisa, na nyingine zinazolindwa kwa sehemu. Kuhusu tarehe za kufunga na kufungua, na kuhusu permi, nendeni ofisi ya Mazingira ya teritware, mkiwa wawili au watatu wa komite, na mwombe kuona karatasi yenyewe. Msitegemee maneno ya barabarani. Wako watu wanaotoza pesa njiani kwa jina la sheria ambayo haijaandikwa popote. Mwenye kujua karatasi inasema nini, na anayeomba risiti yenye muhuri, halipi mara mbili.

Sheria ya kijiji inaweza kuongeza ukali juu ya sheria ya nchi, haiwezi kuilegeza. Mkutano hauwezi kuruhusu tochi. Unaweza kusema mitego 30 mahali ambapo kila mtu alitega 100, lakini hilo halimpi mtu permi asiyokuwa nayo.

Upande wa Kabambare, watu wa bonde la Luama wakumbuke kwamba kule kuna eneo lililotengwa na serikali tangu wakati wa ukoloni kwa mambo ya uwindaji. Kabla ya kutega upande ule ulizeni mipaka, maana makosa ya ndani ya eneo hayahesabiwi sawa na ya nje.

Kuna ndege mmoja ambaye kipimo chake ni sifuri, na wawindaji wa msitu wanaweza kumchanganya na kanga: tausi wa Kongo. Anaishi katika msitu mkubwa, Maniema ikiwemo, na hakuna nchi nyingine duniani anakopatikana porini isipokuwa Kongo yetu. Wataalamu hawakumjua mpaka mwaka 1936, wakati Mmarekani James Chapin alipoona ndege wawili waliokaushwa katika jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji. Tangu 1913 alikuwa na unyoya mmoja, alioutoa katika kofia ya mtu wa Ituri, na hakujua ni wa ndege gani. Watu wa msitu walimjua siku zote, hawakuulizwa tu. Jike wa tausi huyu anataga mayai 2 mpaka 4, si 12. Mtego ukimshika na bado yuko mzima, afunguliwe aende.

Kupanga sheria kijijini

Sheria isiyopita kwa mwenye ardhi na kwa chefu haitasimama, hata kama koperative yote imepiga mikono. Wawindaji wenyewe wawe ndani ya mkutano tangu siku ya kwanza, na wale wa mitego wasiachwe nje. Mama wauzaji wa nyama barabarani waitwe pia. Wao ndio wanaojua nani analeta nini na mwezi gani, na wakikataa kununua kanga wa wakati wa mvua, kazi imefanyika nusu bila ugomvi.

Faini iwe ndogo na itolewe kweli. Tumeona faini za mbuzi zinaandikwa, kisha hakuna hata mmoja aliyelipa, sababu aliyekosea ni mtoto wa ndugu. Mitego inayozidi ikitolewa na kukunjwa mbele ya watu inatosha. Na jambo moja la usalama: mkikuta porini watu wenye silaha wanawinda, msiwasimamishe, msiwaulize permi. Rudini, mwambieni chefu, yeye ajue wa kumfikishia. Kanga hana bei ya mtu.

Kuhusu moto, kila kijiji kina desturi yake na tutaandika juu yake siku nyingine. Kwa leo inatosha kusema kwamba pori likichomwa kwa kuchelewa, wakati mvua za kwanza zimekwisha kuanza, moto unapita juu ya viota. Anayetaka kuchoma achome mapema, kiangazi kikianza tu, na asichome lote.

Na mwenye kulima akikuta kiota cha kanga katikati ya shamba, asitoe mayai. Aache majani kukizunguka, upana wa hatua tatu nne hivi, na kupalilia pale kungoje wiki nne. Aweke kijiti chenye kitambaa ili wasaidizi wake wasipite na jembe. Mahali penyewe ni padogo kuliko kivuli cha mwembe mmoja, na miche michache itakayosongwa na majani pale haitajaza hata kikombe wakati wa kuvuna.